Pama ya Babu: kisa cha kofia ya felti iliyorudi kwenye kipimo chake

Baba Mdogo alifika kwangu Moshi Jumamosi asubuhi na kiroba cha sembe mkononi. Nilimwamkia, akaitikia, akakataa chai, akakifungua kile kiroba na kutoa kitu cha rangi ya kahawia kilichokunjamana.

"Mwanangu, hii ni pama ya Babu yako," akasema. "Nimeiharibu. Dada yako anaolewa wiki tano zijazo, na Bibi yako amesema siku ya kumtoa binti nivae hii, au nisimame kichwa wazi."

Nimekuwa nikirekebisha kofia nyumbani kwa miaka sita, nyingi zikiwa pama za mitumba kutoka soko la Memorial. Kofia hii ndiyo iliyonifundisha zaidi. Ilipitia makosa matatu kabla ya kupona, moja la Baba Mdogo na mawili yangu mimi, na yote matatu nayaona kila siku kwa watu wanaojaribu kazi hii jikoni kwao. Ndiyo maana naieleza yote, pamoja na sehemu nilizokosea.

Bibi alinisimulia kwamba Babu aliinunua Nairobi mwaka 1964, baada ya malipo mazuri ya kahawa. Aliivaa kanisani na alipokwenda KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, kufuata fedha zake, basi. Shambani alivaa kitu kingine. Alipofariki ikawekwa ndani ya sanduku la bati, sanduku likawekwa juu ya kabati, chini ya paa la bati. Fikiria joto la mahali hapo saa nane mchana mwezi wa Februari, kisha ubaridi wa usiku, mwaka baada ya mwaka.

Nilichokikuta

Kichwa cha kofia kilikuwa kimelala upande mmoja. Ukingo ulikuwa na mawimbi matatu, mawili mbele na moja nyuma. Utepe wa kitambaa ulikuwa umepauka lakini mzima. Mbele, pale kofia inapobonyezwa pande mbili ili ishikike, upande wa kushoto kulikuwa na tundu dogo kama punje ya mchele. Huko ndiko kidole gumba cha Babu kilikoshika kila alipoivua kusalimia watu. Kofia nyingi za felti, yaani kitambaa cha sufu au manyoya yaliyosongamana, hufia hapo. Mkono unaoishika kofia kwa kichwa chake unaikata taratibu, na mwenye mkono hajui mpaka aone mwanga unapita.

Ila kilichonishtua kilikuwa ndani. Mkanda wa ngozi unaozunguka mdomo wa kofia ulikuwa mgumu kama gome, umejikunja, rangi imeiva kuwa nyeusi sehemu za nyuma. Nilipima kwa futi ya fundi cherehani: sentimita 55 na nusu. Kichwa cha Baba Mdogo kilipima 58. Chini ya ngozi kulikuwa na kikaratasi chenye namba 7⅛.

Namba hiyo huwachanganya wengi. Waingereza na Wamarekani hawahesabu sawa. Namba 7⅛ ya Kiingereza ni sentimita 58, lakini 7⅛ ya Kimarekani ni 57, na Mmarekani mwenye kichwa cha 58 huomba 7¼. Kikaratasi kilisema kofia imetengenezwa Uingereza, kwa hiyo Babu alikuwa na kichwa cha 58, sawasawa na mwanawe. Kofia ilikuwa imepungua sentimita mbili na nusu. Nikamuuliza Baba Mdogo alifanya nini.

"Nilionyeshwa kwamba kofia hulainishwa kwa mvuke. Nikachemsha maji kwenye sufuria la ugali, nikaifunika juu yake, mdomo chini. Dakika kama kumi hivi. Ikalainika kweli, nikaivaa, nikainyoosha kwa mikono. Halafu nikaitundika kwenye msumari ikauke."

Hakudanganywa. Mvuke ndiyo njia. Lakini alipoiweka mdomo chini juu ya maji yanayochemka, kitu cha kwanza kilichopokea mvuke wote kilikuwa ngozi, na ngozi na sufu havipokei moto kwa namna moja.

Ngozi ndiyo iliyoishika kofia koo

Ngozi iliyolowa hujikunyata kwenye joto la chini sana ya lile la maji yanayochemka. Nyuzi zake zilizokuwa zimenyooka hujiviringisha, na zikishajiviringisha hazirudi. Mtu aliyewahi kukausha kiatu cha ngozi kilicholowa karibu na jiko la mkaa ameona jambo hili: kiatu kinakuwa kifupi, kigumu, na hakuna mafuta ya kukirudisha. Miaka ya chini ya bati ilikuwa imeikausha ngozi ya Babu. Dakika kumi za sufuria zikaimaliza. Na kwa kuwa imeshonwa kuzunguka mdomo wa kofia, ilipojikunyata iliivuta felti pamoja nayo. Mawimbi ya ukingo yalitoka hapo. Mdomo ulikuwa umepungua, ukingo wa nje haukupungua, basi ile ziada ya kitambaa ikawa haina pa kwenda isipokuwa kupanda na kushuka.

Nilifumua mishono ya ngozi kwa wembe, mshono mmoja mmoja, nikaitoa. Kisha nikapima felti peke yake: 57. Kwa hiyo katika zile sentimita mbili na nusu, moja na nusu lilikuwa kosa la ngozi tupu, na sentimita moja tu ndiyo felti yenyewe iliyorudi. Hapo nilijua kofia hii inapona. Kama ningeanza kuivuta huku ngozi ikiwa ndani, ningeichana.

Nawasihi wanaofanya kazi hii nyumbani: kabla ya kuwasha jiko, pindueni mkanda wa ngozi utoke nje ya njia ya mvuke, na kama kofia imebana, fumueni kabisa. Ni saa moja ya kazi. Wengi wanairuka saa hiyo.

Ni felti ya nini?

Swali hili si la udadisi tu. Felti huweza kuwa ya sufu ya kondoo, ya manyoya ya sungura au mnyama mwingine mwenye manyoya laini, au siku hizi nyuzi za plastiki zilizofanana na sufu. Nilichomoa unyuzi kutoka sehemu iliyokuwa chini ya ngozi, nikauchoma kwa kiberiti. Ulinuka nywele zinazoungua, ukaacha majivu yanayopondeka. Plastiki ingeyeyuka na kuacha shanga ngumu. Basi ni mnyama.

Kati ya sufu na sungura, nilitumia kioo cha kukuzia na vidole. Felti ya sungura ni laini, nyembamba, na uso wake unang'aa kidogo ukiupiga brashi upande mmoja. Hii ilikuwa nene, mbavu za nyuzi zinaonekana. Ni sufu. Nilishusha pumzi, na sababu yake ni hii.

Unywele wa kondoo una magamba madogo sana, yamepangana kama vigae vya paa. Ukiutia maji, moto na msuguano, magamba hushikana na nyuzi zikasongamana mpaka zisiweze kuachana. Ndivyo felti inavyozaliwa, bila kusokotwa wala kufumwa. Manyoya ya sungura hayasongamani kwa urahisi huo, kwa hiyo watengenezaji wa zamani Ulaya na Marekani waliyapaka naitreti ya zebaki ili yashikane. Mvuke wa zebaki ukawaharibu mafundi: mikono ikitetemeka, meno yakilegea, akili ikivurugika. Mji wa Danbury, Connecticut, uliokuwa makao makuu ya kofia Marekani, ulikuwa na jina lake la kienyeji kwa ule mtetemeko. Marekani ilikuja kukomesha zebaki kwenye viwanda vya felti Desemba 1941. Watunza makumbusho hadi leo wanakuta zebaki ndani ya kofia za zamani za manyoya. Sasa mtu akiipata kofia kuukuu ya sungura na kuitia mvuke jikoni, madirisha yamefungwa, watoto wanafanya kazi za shule mezani, anajiletea nini ndani ya nyumba? Mimi kofia ya manyoya yenye umri mkubwa siitii mvuke kabisa, hata nikiletewa na mtu ninayempenda. Sufu haikuhitaji zebaki. Hata hivyo niliipeleka pama ya Babu uani, nikafanya kazi yote nje.

Sufuria: kosa langu la kwanza

Ili kuirudisha kofia kwenye umbo lake unahitaji kalibu, kipande cha mbao chenye umbo la kichwa, ambacho felti iliyolainika huvutwa juu yake na kukauka ikiwa hapo. Watu wa Pwani wanaofua kofia zao za mkono na kuzitia wanga wanalijua jambo hili vizuri. Kofia ikikauka bila kitu ndani yake inakauka ilivyopenda yenyewe.

Kalibu yangu kubwa kuliko zote ilikuwa ya 57. Nikasema moyoni, sufuria litatosha. Nilipiga hesabu: 58 gawanya kwa 3.14 ni kama 18 na nusu. Nikatafuta sufuria la kipenyo hicho, nikalivika mfuko wa nailoni, nikaitia felti mvuke wa birika kutoka nje, sehemu baada ya sehemu, nikaivuta juu ya sufuria. Ilikubali vizuri. Niliipima ilipokauka: 58 kamili. Nikampigia Baba Mdogo simu kwa furaha.

Alipoivaa ilimbana paji la uso na kisogo, na pembeni, juu ya masikio, ungeweza kupitisha vidole viwili.

Kichwa cha binadamu si duara. Nilichukua vijiti viwili na rula, nikampima Baba Mdogo vizuri: kutoka paji hadi kisogo sentimita 20, kutoka upande hadi upande 16.8. Mzingo wa umbo hilo la yai ni 58, sawa na mzingo wa duara langu la 18 na nusu. Futi ya cherehani ilinipa namba ya kweli, lakini ilinificha umbo. Nilikuwa nimekwishashona kofia nyingi na bado sikuwa nimelitafakari hilo, kwa sababu kalibu zangu zote zilitengenezwa na mtu mwingine aliyelitafakari kabla yangu.

Kalibu ya msindano

Nilikwenda kwa seremala wa mtaani kwetu. Sikutaka mninga wala mvule, kwa kuwa pini lazima ziingie kwenye mbao kwa kidole gumba. Nilitaka msindano mkavu. Alibandika mbao tano kwa gundi, akakata umbo la yai kwa msumeno, akalainisha juu kwa randa na msasa mpaka mgongo wa kalibu ukawa kama mkate wa boflo uliovimba vizuri.

Vipimo nilimpa hivi. Kichwa ni 20 kwa 16.8. Ngozi mpya itakayoshonwa ndani ina unene wa kama milimita moja, na milimita moja ni kila upande, kwa hiyo urefu unaongezeka milimita mbili na upana hivyo hivyo. Nikaongeza milimita mbili nyingine kwa kuwa felti ikitoka kwenye kalibu hurudi kidogo. Tukafika 20.4 kwa 17.2, mzingo wa sentimita 59 na kidogo. Milimita hizi zinaonekana ndogo kwenye karatasi. Kichwani, kofia iliyopungua nusu sentimita inaacha alama nyekundu kwenye paji, na iliyozidi nusu sentimita inashuka hadi kwenye nyusi.

Msindano una utomvu, na utomvu ukipata moto unatoka. Kwa hiyo kalibu ilivikwa nailoni mara mbili kabla ya kofia kuigusa.

Kosa la pili: haraka

Hapa ndipo kiini cha kisa hiki kilipo.

Nilitia mvuke, felti ikalainika, nikaivuta juu ya kalibu mpya. Nilifunga uzi wa pamba kuzunguka chini, pale kichwa kinapokutana na ukingo, nikausukuma uzi chini taratibu kwa kipande cha mbao, nikizunguka, narudia, natia mvuke, nasukuma tena. Sikutumia kamba ya katani kwa sababu inaacha vinyuzi na inakwaruza. Ilichukua kama dakika arobaini. Nilipomaliza kofia ilikuwa nzuri kiasi kwamba nilimwita mke wangu aje aone. Baada ya saa mbili niliigusa, ikawa kavu nje. Nikaitoa. Mzingo: 59.

Asubuhi yake ilipima 57 na nusu, na ule upande uliokuwa umelala ulianza kulala tena.

Nilikaa nayo mapajani muda mrefu. Aliyenipa jibu ni mke wangu, ambaye ana saluni, na hakuwa akizungumzia kofia hata kidogo. Alikuwa akimlalamikia mteja aliyelazimisha kutolewa rola nywele zikiwa hazijakauka ndani. "Nikamwambia, dada, zimekauka juu tu. Hakusikia. Hajafika hata stendi mawimbi yamekufa."

Nywele na sufu ni kitu kimoja. Vyote vimejengwa kwa keratini, aina ya protini, na ndani ya keratini kuna vifungo vidogo vidogo vinavyozishika nyuzi zilivyo. Maji na joto huvifungua. Unyuzi ukiwa umefunguliwa hivyo unaweza kuupeleka unakotaka, ndiyo maana felti ya moto inatii. Lakini vifungo vinajifunga upya wakati unyuzi unapopoa na kukauka, na vinajifunga kwa umbo lile unyuzi ulilonalo saa hiyo. Ukiutoa kwenye kalibu ungali na unyevu ndani, unajifungia kwenye umbo lake la zamani, kwa sababu hakuna kinachouzuia. Felti ya sufu ya Babu ina unene wa milimita tatu hivi. Uso wake ulikuwa mkavu, moyo wake haukuwa.

Kwa miaka sita nilikuwa nikiamini kwamba mvuke ndio unaoitengeneza kofia. Nilinunua birika lenye mdomo mwembamba, nilijifunza kuuelekeza, nilijisifu kwa hilo. Mvuke unalegeza tu. Kofia hutengenezwa katika yale masaa ambayo fundi hafanyi chochote. Pama zangu zilizokuwa zikirudi kwangu baada ya mwezi zimelegea, ambazo siku zote nilizilaumu kuwa felti mbaya ya mitumba, nadhani nyingi nilizitoa mapema.

Mara ya tatu niliivuta kofia kwenye kalibu Ijumaa jioni. Niliiweka kwenye kivuli barazani, mahali penye hewa, mbali na jua na mbali na jiko, maana upande unaokauka haraka huvuta ule uliochelewa. Sikuigusa Jumamosi. Jumapili baada ya ibada niliigusa kwa mgongo wa mkono, ndani ya mkunjo wa ukingo, mahali panapokauka mwisho. Felti yenye unyevu huwa na ubaridi kidogo kuliko hewa. Haikuwa baridi. Nikaiacha mpaka saa kumi jioni, ndipo nikakata uzi.

59. Baada ya wiki, 58.7. Hapo ikasimama.

Ukingo, tundu na bonde la Babu

Ukingo haukunisumbua sana, kwa kuwa chanzo cha mawimbi kilikuwa kimeondoka. Nilikata tundu la yai kwenye ubao bapa, nikaipindua kofia kichwa chini ndani ya tundu, ukingo ukalala juu ya ubao. Kitambaa cha pamba kilicholoweshwa na kukamuliwa juu yake, halafu pasi ya umeme, nikibonyeza na kuinua bila kusugua. Pasi ukiisugua kwenye felti iliyolowa unaivuta ukingo na kuuharibu upya. Nilipomaliza kila robo niliwekea mifuko ya mchanga mpaka ipoe. Viwanda vya zamani navyo vilitumia mifuko ya mchanga kwa kazi hii.

Ulihitaji ugumu kidogo. Felti mpya hutiwa shelaki, utomvu wa wadudu wadogo wa India na Thailand, ndugu wa lakiri ya kufungia barua, na ile ya 1964 ilikuwa imechoka. Mafundi wa samani wanayo. Inayeyuka kwenye spiriti, haiyeyuki kwenye maji, na hiyo ndiyo faida yake, mvua haiiondoi. Niliifanya nyepesi sana, rangi ya chai ya rangi iliyoongezwa maji, nikaipaka chini ya ukingo tu kwa brashi, nje, pasipo moto wowote karibu kwa sababu spiriti inawaka. Ukiizidisha ukingo unakuwa kama kadibodi na utapasuka. Mara moja ilitosha.

Tundu la kidole gumba lilihitaji mawazo zaidi. Fundi mwingine angelisogeza bonde la kofia, ule mkunjo mrefu wa juu, upande, tundu likafichwa chini ya utepe au nyuma. Baba Mdogo alitaka hivyo. Nilikwenda Marangu kumwona Bibi, nikampelekea kofia ikiwa bado mviringo juu, haina bonde wala mbonyeo. Aliishika, akaigeuza, akanirudishia.

"Huyu si Babu yako," akasema. "Yeye alikuwa anaiangusha kidogo kushoto. Hapa. Ilikuwa inaonyesha."

Na ilikuwa inaonyesha kweli. Ukiipeleka kofia kuukuu kwenye mwanga wa pembeni utaona mistari pale ilipokunjwa kwa miaka: nyuzi zimekatika juu ya mkunjo na felti imepauka. Nilikuwa nimeivuta ikawa laini, lakini mistari haikufutika. Nilirudi nyumbani, nikatia mvuke juu tu, nikafuata ile mistari kwa upande wa kiganja, bonde refu katikati na mibonyeo miwili mbele, wa kushoto ukiwa chini kuliko wa kulia. Felti iliingia mahali pake yenyewe, kama inayaelewa mapito hayo. Niliibana kwa vibanio vya nguo vilivyofungwa kitambaa, nikaiacha siku mbili.

Tundu nililiziba kwa ndani. Nilinyoa kipande chembamba cha felti kutoka kwenye ukingo wa ndani, pale panapofunikwa na ngozi, nikakibandika nyuma ya tundu kwa mishono midogo isiyotoka nje. Ukiangalia kwa karibu unaliona. Sikutaka lisionekane.

Ngozi mpya ilikatwa na fundi viatu, ngozi nyembamba ya kondoo. Ile ya zamani haikufaa tena, ila Bibi aliniomba nisiitupe kwa kuwa jasho la Babu limo humo. Nilikata kipande cha vidole vitatu, kile kilichobaki na herufi za dhahabu, nikakishona chini ya ngozi mpya, kwa nyuma, mahali ambapo unene wake haubani. Kofia ikapima 58.1 kwa ndani.

Siku kumi na tisa zilipita tangu kiroba kifunguliwe. Kazi ya mikono yenyewe haikuzidi saa kumi, ukiacha ile ya sufuria.

Baada ya harusi

Kabla ya kumkabidhi Baba Mdogo nilimwomba ajifunze kuivua kwa kushika ukingo, mbele na nyuma, mikono miwili. Hakuizoea mara moja. Mkono wake ulikwenda juu, kwenye mibonyeo, palepale pa baba yake. Tulirudia barazani mara nyingi mpaka akazoea.

Aliivaa siku ya kumtoa dada. Sina zaidi la kusema juu ya siku hiyo isipokuwa kwamba Bibi alimtazama alipotokea mlangoni, akainamisha kichwa, akabaki hivyo kwa muda.

Mwezi wa Aprili masika yalimkuta njiani kutoka shambani, kofia ikalowa chapachapa. Alinipigia akiwa amesimama mlangoni, maji yanamtiririka, anauliza aiweke karibu na moto kidogo tu. Nilimwambia aitikise, aupindue mkanda wa ngozi utoke nje, aisimamishe juu ya mkanda huo mezani ili ukingo usiguse kitu, arudishe bonde kwa vidole mahali palipoanza kupoteza umbo, kisha aondoke chumbani na asirudi kuitazama mpaka kesho kutwa.

Alikuja nayo kwangu Jumamosi iliyofuata. Niliipima mbele yake: 58.